Seagate, WD au Toshiba ya TB 2? Soma namba ya modeli kwanza

Mkuu, umeuliza uchukue ipi kati ya Seagate, WD na Toshiba, TB 2, kwa kompyuta ya mezani ya nyumbani, ya kutunzia picha, video na mafaili ya familia. Kwa kazi hiyo jina la kampuni ndilo kitu cha mwisho kuangalia. Anza na namba ya modeli, kisha saa ambazo diski imeshafanya kazi, kisha aina ya waranti unayopewa.

Watengenezaji wa diski za sahani (HDD, zenye sahani inayozunguka ndani) duniani wamebaki hao watatu tu. Seagate ilinunua Maxtor mwaka 2006 na kitengo cha diski cha Samsung mwaka 2011, WD ikachukua cha Hitachi mwaka 2012. Kwa hiyo leo ukiuziwa diski "mpya" ya inchi 3.5 yenye jina la Hitachi au Samsung, ujue ni ya zamani, hata kama imefungwa kwenye mfuko unaong'aa.

Ubishi wa "Seagate zinakufa" una chanzo cha kweli. Modeli ya ST3000DM001, ya TB 3, ilikufa kwa wingi sana kwenye takwimu za Backblaze, kampuni ya Marekani ya kuhifadhi data ambayo imekuwa ikizitoa hadharani tangu 2013. Lakini kwenye takwimu hizohizo, ST4000DM000 ya TB 4, ya Seagate hiyohiyo, ilidumu vizuri zaidi kwa mbali. Na diski za Deskstar 75GXP za IBM, zilizotoka mwaka 2000, zilikuwa na sifa mbaya kupindukia. Kitengo kile kikaenda Hitachi, na miaka ya baadaye diski zake zenye jina la HGST zikawa miongoni mwa zinazodumu kuliko zote. Kinachokufa ni modeli. Ukoo wa kampuni haukuambii chochote.

Sasa tofauti ambayo utaihisi mwenyewe: CMR na SMR. Kwenye CMR kila mstari wa data una nafasi yake. Kwenye SMR mistari imelaliana kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha mmoja kunalazimisha kuandika upya jirani zake. Diski ya SMR huficha kazi hiyo kwa kuweka data kwanza kwenye eneo la akiba, halafu inaipanga ikiwa imetulia. Ukihamisha GB 20 hutaona kitu. Ukihamisha GB 400 kwa mkupuo, eneo la akiba linajaa na kasi inaweza kuporomoka kutoka MB 150 kwa sekunde hadi chini ya 30, na kompyuta nzima inakuwa nzito. Wengi hapo hudhani diski ni mbovu wakati ndivyo ilivyotengenezwa.

Seagate BarraCuda ST2000DM008 ya TB 2 ni SMR. ST4000DM004 pia. Ila ST1000DM010 ya TB 1 ni CMR, na WD Blue WD10EZEX ya TB 1 ni CMR. Toshiba P300 HDWD120 ya TB 2 ni CMR, lakini HDWD240 ya TB 4 ni SMR. Unaona jina moja linavyobeba vitu viwili? WD nao mwaka 2020 walibanwa kwa kuweka SMR kwenye WD Red bila kusema (WD40EFAX, wakati WD40EFRX iliyotangulia ilikuwa CMR), ndipo wakatenga Red Plus kwa ajili ya CMR. Seagate IronWolf zote ni CMR.

Kwa picha unazoweka mara moja na kuzifungua mara chache, SMR inafaa kabisa, usilipe zaidi. Kwa Windows, kwa kupakua mafaili usiku kucha au kwa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja (RAID), usiiguse. Windows hasa iweke kwenye SSD (diski ya kasi isiyo na sahani), hata ya GB 240, na diski ya sahani ibaki ghala.

Linaloumiza watu zaidi kwenye soko letu ni diski zilizotumika kuuzwa kama mpya. Nyingi zimetoka kwenye DVR za kamera za ulinzi, ambako zilikuwa zinaandika usiku na mchana. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo diski iliyokaa kwenye kamera miaka mitatu itasoma zaidi ya 26,000. Usilipe kabla ya kuona namba hizo. Omba muuzaji aichomeke kwenye kompyuta, fungua CrystalDiskInfo (programu inayoonyesha afya ya diski), ingia Function, Advanced Feature, Raw Values, uchague 10 [DEC], maana bila hivyo thamani ghafi zinatoka kwa mfumo wa heksa zinazochanganya.

Angalia Power On Hours: diski mpya inasoma 0 au saa chache za majaribio. Serial Number kwenye skrini lazima ilingane na ya kwenye lebo. Zikitofautiana, lebo imebandikwa upya, rudisha. Mstari wa 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, C5 ni sekta zinazosubiri hukumu, C6 ni zilizoshindikana kusomeka. Kwenye diski mpya yote matatu yawe 0. Kwa Seagate usishtuke ukiona mamilioni kwenye 01 na 07. Namba ile inachanganya idadi ya shughuli na makosa, ni kawaida yake.

Saa nazo zinaweza kufutwa. Mapema 2025 ilibainika Ulaya kwamba Seagate Exos (diski za seva) zilizotumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya SMART, yaani zile namba za afya unazoziona kwenye CrystalDiskInfo, kurudishwa sifuri. Seagate wana kumbukumbu nyingine ndani ya diski iitwayo FARM. Isome kwa smartctl, programu ya kuandikia amri, toleo la 7.4 au la baadaye: smartctl -l farm /dev/sda. Saa za FARM zikiwa maelfu huku SMART inasema 3, umeshajua.

Waranti ya duka na ya kiwanda ni vitu viwili. Ingiza serial kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa bado dukani. BarraCuda, WD Blue na P300 huwa na miaka 2, IronWolf 3. Ikijibu kwamba diski iliuzwa kama kipuri cha mashine nyingine, hutakuwa na wa kumdai nje ya muuzaji wako, basi bei ishuke. Serial iandikwe kwenye risiti.

Ukifika nyumbani, kabla ya kuweka picha hata moja, fanya format na uondoe tiki ya Quick Format. Windows itaandika sifuri kwenye diski nzima. Kwa TB 2 tenga saa nne au tano. Kisha rudi kwenye CrystalDiskInfo. C5 ikipanda, au 05 ikitoka 0, rudisha siku hiyohiyo. Ikipanda C7 peke yake, tatizo karibu kila mara ni kebo ya SATA. Badilisha kebo. Namba ile haitashuka, ila ikome kupanda.

C0 nayo inafaa kwetu: inahesabu mara vichwa viliporudishwa kwa dharura baada ya umeme kukatika ghafla. Ikipanda kila wiki, nunua UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika) ya VA 650 kabla ya kufikiria diski ya bei ya juu zaidi.

Kwa ulichoeleza: HDWD120 ukiipata mpya kweli, ichukue. Ukiikosa, ST2000DM008 inatosha kwa ghala la picha. Ikibaki hela, nunua diski ya pili ya nje kwa ajili ya nakala, na isikae imechomekwa muda wote.