Kinachonishika kwenye Psycho-Pass

Ndugu uliyeuliza tunapata raha gani kutazama anime (katuni za Kijapani) yenye giza tupu ilhali shida za mjini zatutosha, nikujibu kwa yaliyonikuta.

Mwaka jana mamangu alitaka mkopo mdogo aongeze friza dukani kwake, hapa Majengo. Nikamsindikiza. Kijana wa kaunta, mwenye adabu zake, akabonyeza, akanyamaza, kisha akatugeuzia skrini. "Mfumo umekataa, mama." Mama akauliza, "Umekataa kwa lipi?" Yule kijana akaitazama tena skrini, kisha akamtazama mama. Hana la kusema. Si mkorofi hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tukapanda matatu, mama kapakata bahasha ya stakabadhi ambayo hakuna aliyeifungua.

Wiki hiyohiyo nikaanza msimu wa kwanza wa Psycho-Pass, ule wa 2012 wenye sehemu 22. Ni Japani ya mwaka 2112. Mfumo uitwao Sibyl wapima nafsi za watu hata wakipita njiani, kuona nani huenda akafanya uhalifu, na silaha za polisi huamua zenyewe: kipimo cha mtu kikiwa chini ya 100, hazifyatuki, kikivuka hapo, zampooza, kikifika 300, zamuua.

Sehemu ya kwanza yaonyesha mwanamke aliyetekwa na kuteswa. Hofu ile yampandisha kipimo, na polisi waliokuja kumwokoa sasa wamwelekezea silaha. Mama akapita na chai yake, akasimama. "Huyo kafanya nini?" Nikamwambia hajafanya kitu, mashine yasema huenda akafanya. Akaketi. Akatazama mpaka mwisho, mimi namtafsiria maandishi ya chini. Akane, askari aliye kazini siku yake ya kwanza, akataa yule mwanamke auawe, ambembeleza kwa maneno, na kipimo chashuka. Mama akasema, "Huyu binti kauliza."

Ndiyo sababu naiona ya kweli kuliko zile za maroboti na miji iliyoungua. Mji ni safi, watu washiba, wengi hawaoni wanachodhulumiwa. Sehemu ya 14 mtu ampiga mwanamke kwa nyundo hadharani hadi anakufa, na wapita njia wamezunguka, wengine wanarekodi. Vifaa vya kupimia havijalia, basi hawaelewi kwamba wanaona mauaji. Nimefanya kazi soko la Kongowea miaka minne. Pale mtu akipiga ukelele, hata mwenye mizani mkononi hugeuka. Nilisimamisha video nikakaa kimya kitambo.

Msimu wa pili, wa 2014, haukunigusa hivyo. Una sehemu 11 tu na damu nyingi kuliko hoja. Wewe anza na wa kwanza, usiruke, na siri ya Sibyl usikubali mtu akusimulie. Ile ya 14 itazame watoto wakishalala.