Kuzaliwa Kenya na kuwa Mkenya: maswali yenu

Mjukuu wangu amezaliwa Doha. Binti yangu ni Mkenya wa kuzaliwa, baba mtoto si Mkenya. Mtoto ni wa wapi?

Ni Mkenya wa kuzaliwa, mama. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 hakiulizi mtoto kazaliwa nchi gani. Kinauliza kama mama au baba ni raia. Katiba ya zamani ilimtazama baba peke yake mtoto akizaliwa ng'ambo, na wajukuu kama wako walibaki nje.

Nimezaliwa Nairobi, wazazi wangu ni Warundi. Mbona cheti cha kuzaliwa hakinipatii kitambulisho?

Kwa sababu cheti kinathibitisha siku na mahali, si uraia. Njia yako ni kuomba kusajiliwa, ukishaishi nchini kihalali kwa miaka 7 mfululizo. Anayepewa uraia kwa kuwa hapa tu ni mtoto aliyeokotwa, anayeonekana hajafika miaka 8, wazazi na uraia wake havijulikani.

Wamakonde walikuwako Kwale tangu zamani. Iweje serikali iwatambue kuwa "kabila la 43" la Kenya juzi tu?

Swali hili linaniuma. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za mkoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wakazaa, wakazika, na wajukuu hawajui kwingine. Lakini bila kitambulisho huwezi kupiga kura, kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lako. Mtu mzima anaomba jirani amsajilie. Mwaka 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, ndipo vitambulisho vikatolewa. Miguu yao ndiyo iliyofanya kazi ambayo makaratasi yalishindwa kuifanya kwa miongo.

Wahindi wa Kenya wote ni uzao wa wajenzi wa reli?

La. Wengi wa vibarua walioletwa kujenga reli kuanzia 1896 walirudi kwao. Wengine wengi walikuja baadaye kwa biashara, na Pwani ilifanya biashara na Bara Hindi karne nyingi kabla ya reli. Walitambuliwa kuwa jamii ya 44 mwaka 2017.

Na Wapemba wa Kilifi?

Walitambuliwa 2023. Kabla ya hapo, mvuvi aliyezaliwa papo hapo ufuoni hakuweza kupata leseni ya kuvua kwa jina lake.