Kukaa chuo kimoja si kudumaa

Umeuliza kama kocha akikaa chuo kimoja miaka mingi anadumaa. Hapana. Mtazame Anson Dorrance wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani: aliinoa timu ya soka ya wanawake tangu ilipoanzishwa 1979 hadi alipostaafu 2024, akatwaa mataji 22 ya taifa, tisa mfululizo kuanzia 1986 hadi 1994. Katikati ya mfululizo huohuo akaipa Marekani Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, China 1991! Siri yake, naamini, ni mazoezi: matokeo ya kila mchezaji yaliandikwa, wakapangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, orodha ikabandikwa wote waione. Hata Mia Hamm, nyota wa soka ya wanawake wa Marekani aliyechezea chuo hicho, alipimwa hivyo, na akaondoka na mataji manne.