Kabla ya kujumlisha alama, muulize mwanafunzi ameelewa nini

Aliyenifundisha kulijaribu dodoso kabla ya kuligawa ni binti wa miaka 15. Nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika shule yenye watoto wa lugha nyingi, na siku hiyo niliwapa tafsiri ya Kiswahili ya PHQ-9, dodoso la maswali tisa linalopima sonona. Kila swali linauliza jambo fulani limekusumbua mara ngapi katika wiki mbili zilizopita: hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. Kila jibu lina alama, 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Kwa kawaida anayefika 10 huitwa kwa mazungumzo zaidi. Binti alipata 8, nikaiweka karatasi yake kwenye rundo la wasio na shida.

Kesho yake akanifuata. "Mwalimu, samahani, nusu ya siku ni mpaka saa sita mchana?"

Kwa Kiswahili siku moja ni siku, na siku mia pia ni siku. Yeye alisoma "zaidi ya nusu ya siku" akaelewa zaidi ya nusu ya mchana. Huzuni yake ilikuwa inamjia jioni tu, jioni 9 au 10 kati ya zile 14. Asubuhi alikuwa sawa, kwa hiyo jibu hilo aliona halimhusu. "Karibu kila siku" nalo aliona angekuwa anasema uongo. Akabaki na "siku kadhaa". Tuliporudia maswali pamoja, safari hii nikisema "zaidi ya siku 7 kati ya hizo 14", akafika 13. Mtoto yuleyule, huzuni ileile.

Tafsiri ile ilikuwa imefuata utaratibu unaosifiwa: mmoja anatafsiri, mwingine anairudisha kwenye lugha ya awali, kisha wanalinganisha. Maneno yalirudi salama kabisa, kwa sababu waliotafsiri ni watu wazima waliokwisha kujua swali linataka nini. Ndiyo maana nakusihi, kabla hujaligawa dodoso kwa darasa zima, kaa na wanafunzi wanane au kumi, mmoja mmoja, kutoka kila kundi la lugha ulilonalo. Msomee swali, kisha mwambie, "Hebu nieleze kwa maneno yako hapa wanauliza nini." Usimsahihishe. Andika anachosema. Kazi hii itakula siku mbili tatu, na hakuna siku nilizozitumia vizuri kuliko hizo.

Utasikia pia maneno ambayo dodoso halina. Wanafunzi wangu wachache sana walisema "nina huzuni". Walisema "nina mawazo", "moyo mzito", "kichwa kinauma", "kifua kinabana". Anayejua Kiswahili anajua kwamba mtu akiambiwa "ana mawazo", hasifiwi akili. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na watafiti huko walianza na lugha ya wagonjwa wenyewe walipotunga dodoso la maswali 14 lililochapishwa mwaka 1997. Njia hiyo naiamini kuliko ya kuazima na kutafsiri, ingawa ni ndefu.

Ukiazima, basi usiazime na mipaka yake ya alama, yaani alama ambazo mtoto akizifika anahesabiwa ana shida. SDQ, dodoso la maswali 25 kuhusu hisia na tabia za watoto, lililotungwa na Robert Goodman, lilipangiwa mipaka kwa watoto wa Uingereza, ili takriban asilimia 80 waonekane wa kawaida, 10 wawe mpakani na 10 wawe juu. Kwingine mpaka huohuo unaweza kuita nusu ya darasa au usiite mtu. Na kuna sentensi kama ile ya "kwa kawaida hufanya ninavyoambiwa". Penye adhabu kali karibu wote watasema ndiyo, na hapo umepima ukali wa shule. Kwa hiyo kundi moja likipata wastani wa 6 na jingine 9, usikimbilie kuandika kwamba hawa wana shida kuliko wale. Kwanza hakikisha maswali yana maana moja kwa makundi yote mawili.

Jambo la mwisho linaniuma hadi leo. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Mwaka wangu wa kwanza niligawa dodoso siku ya Ijumaa, nikafungia karatasi kabatini, nikaenda nyumbani. Jumatatu nikakuta kijana mmoja ameweka 3 kwenye swali hilo. Alikuwa hai, tulimpata, na alipata msaada. Lakini siku tatu nzima alikuwa ameshatuambia, na sisi hatukuwa tumesoma. Siku hizi nagawa Jumatatu asubuhi, swali la tisa nalisoma kabla mtoto hajatoka chumbani, na mtu wa kumpokea nakuwa nimeshaongea naye kabla.