Klachi ya Visu Ikilia au Ikiteleza, Usikimbilie Kununua Mpya

Mtu akiniambia klachi ya trekta lake la kukatia nyasi imekwisha, huwa namuuliza swali moja kwanza: inalia visu vikiwa vimezimwa, au vikiwa vinazunguka? Wengi hawana jibu, maana walichosikia ni kelele tu, kisha wakaona nyasi zinabaki vishungi vishungi, na tayari wameshaanza kuulizia bei ya klachi. Ni kipuri cha gharama. Katika haya niliyoyafungua kwa mikono yangu, mara nyingi klachi yenyewe ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye beringi, kwenye waya, au chini kabisa kwenye deki, yaani sehemu inayobeba visu.

Nazungumzia klachi ya umeme inayokaa kwenye ncha ya shafti ya injini, ile unayoiwasha kwa swichi ya dashibodi. Koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa ndani ya klachi, ikipata umeme inageuka sumaku, inaivuta sahani ya chuma iliyoungana na puli, sahani inang'ang'ania rota, kile chuma cha klachi kinachozunguka na injini, na mkanda unaanza kwenda. Ukizima, springi zinairudisha sahani kwenye breki na visu vinasimama.

Tuanze na kelele, kwa sababu hapo ndipo unapoweza kujua mengi bila kushika hata spana. Klachi hii ina beringi sehemu mbili. Ya kwanza iko kwenye koili. Koili haizunguki, imezuiwa na kishikizo kilichofungwa kwenye fremu, lakini kitovu chake kinazunguka na shafti. Kwa hiyo beringi hiyo iko kazini muda wote injini inapowaka. Ya pili iko kwenye puli, na hii ina tabia ya kinyume na watu wanavyodhani. Visu vikiwa vimezimwa, puli imesimama na shafti inazunguka ndani yake, hivyo beringi inafanya kazi. Ukiwasha visu, puli na shafti vinakwenda pamoja, na beringi inapumzika.

Kaa kwenye kiti, washa injini, sikiliza visu vikiwa vimezimwa, kisha viwashe. Kama mkwaruzo ulikuwepo na ukapotea mara tu visu vilipoanza, beringi ya puli ndiyo inayolia. Kama unaendelea vilevile hali zote mbili, shuku beringi ya koili, au kitu cha injini. Na kama palikuwa kimya kisha kelele ikaanza visu vilipozunguka, iache klachi kwanza. Nenda kwenye deki: spindo (shafti fupi zinazobeba visu), puli za kukazia mkanda, na mkanda wenyewe. Zima, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi, vua mkanda, uzungushe kila kisu kwa mkono ukiwa umevaa glavu nzito. Spindo mbovu utaisikia mkononi: inakwaruza, au inacheza kushoto na kulia.

Uko pia mlio wa kugongagonga injini ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa, unaoisha ukiongeza mafuta. Mara nyingi huo ni sahani tu inayotikiswa na mapigo ya injini. Lakini kama ni mlio mzito wa kugonga, kama chuma kinapigwa ndani ya injini, kagua bolti ya katikati inayoishikilia klachi kwenye shafti, pamoja na ufunguo mdogo wa chuma ulio kwenye mfereji wa shafti. Bolti ikilegea, sauti yake ni ile ile ya koni rodi (mkono unaoshika pistoni) iliyokwisha, na nimeona injini nzima ikifunguliwa bure kwa sababu hiyo. Ikaze kwa kipimo cha kitabu cha mashine, si kwa kukisia.

Kishikizo nacho kinahitaji jicho. Kazi yake ni kuzuia koili isizunguke, basi. Lazima kiwe na nafasi kidogo ya kucheza. Ukikikaza hadi koili isitikisike kabisa, beringi inabeba mzigo ambao haikuumbiwa, na itakufa mapema hata kama ni mpya.

Sasa kuteleza. Tenganisha kwanza mkanda na klachi. Mkanda unaoteleza hunuka mpira ulioungua, na pande zake hung'aa kama zimepakwa vanishi. Klachi inayoteleza hunuka chuma cha moto, na ukichungulia ukingoni unakuta vumbi lenye rangi ya kutu au chuma kilichobadilika kuwa bluu. Wala usisahau spindo ngumu: inakula nguvu hadi klachi inazidiwa, halafu lawama zinaiendea klachi.

Ikithibitika ni klachi, shika mita ya umeme kabla ya kushika bisibisi. Chomoa soketi ya klachi, pima ukinzani wa koili: nyingi husoma kati ya omu 2 na 4, na kitabu kitakupa kipimo cha yako. Isiposoma chochote, waya umekatika ndani na hapo huna namna. Ikiwa sawa, rudisha soketi, pima volti palepale klachi ikiwa imewashwa. Hii ndiyo hatua inayorukwa sana. Watu hupima soketi ikiwa imechomolewa, wanaona volti 12, wanaridhika. Waya unaoshikilia kwa uzi mmoja utakuonyesha volti 12 bila mzigo, kisha utaporomoka koili ikianza kuvuta.

Kwenye trekta langu mwenyewe betri ilisoma 12.5 na soketi ya klachi, chini ya mzigo, ikasoma 9 na kidogo. Ndani ya soketi, pini moja ilikuwa imeota ukungu wa kijani na plastiki kuizunguka imelainika kwa joto. Nguvu ya sumaku hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe, kwa hiyo upungufu huo unatosha kabisa kuifanya klachi iachie kwenye nyasi ndefu. Nilibadilisha pini, nikasafisha waya wa ardhi, na klachi ikarudi kudaka kwa ule mlio mkavu wa "tak".

Kama klachi inashika vizuri mwanzoni halafu inaachia ikishapata moto, kumbuka kwamba shaba ikipashwa joto huongeza ukinzani, takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Koili ya omu 3 ikiwa baridi inafika omu 4 hivi kwenye joto la nyuzi 105, na umeme unaopita unapungua kwa robo. Soketi mbovu au mwanya uliopanuka utajitokeza hapo.

Mwanya ni ule kati ya sahani na rota, na hupanuka kadiri msuguano unavyovilamba. Klachi nyingi zina madirisha 3 madogo pembeni na nati 3 zenye springi. Ingiza fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, kwenye kila dirisha. Kipimo cha kawaida ni kuanzia milimita 0.3 hadi 0.45. Kaza nati kidogo kidogo kwa zamu, hadi fila ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukizidisha, sahani itagusa rota hata ukizima, na klachi itajichoma yenyewe. Aina nyingine hazina nati. Zina kipande chembamba cha chuma chini ya breki ambacho hutolewa mara moja tu ili mwanya upungue. Ukimaliza, hakikisha visu vinasimama ndani ya sekunde 5 baada ya kuzima.

Ukikuta oili kwenye sahani, tafuta sili ya injini inayovuja kabla ya jambo lingine lolote, la sivyo hata klachi mpya italowa.

Na ikibidi ununue mpya, kwa kuwa nyuso zimeungua au koili imekatika, usiipeleke moja kwa moja kwenye nyasi nzito. Iache izoeane kwanza: injini nusu mwendo, washa visu sekunde 10, zima sekunde 10, mara 5, kisha rudia mara 5 kwa robo tatu ya mwendo. Baada ya hapo kagua mwanya tena, na uangalie kama kishikizo bado kinacheza.