Oili ya Hilux ya zamani: usikimbilie nzito

Kaka, Hilux ya 1994 yenye injini ya dizeli aina ya 3L bado ni chuma, usiikatie tamaa. Umesema inapunguza oili na fundi anataka uweke SAE 50 tupu, yaani oili nzito ya daraja moja. Mimi ningemzuia kwanza. Asubuhi injini ikiwa baridi, oili nzito hivyo hupanda polepole, na kemshafti (mhimili unaofungua vali) ya gari hilo iko juu kabisa. Inasagika kavu ikiisubiri.

Weka 15W-40 ya dizeli. 15W ni wepesi wake kwenye baridi, 40 ni uzito wake injini ikishachemka. Geuza dumu usome nyuma: tafuta alama ya ubora ya API CF-4 au CI-4. C ni ya dizeli. Ukikuta S peke yake, hiyo ni ya petroli, iache dukani.

Ila kwanza ujue oili inakwenda wapi. Usiku laza kadibodi chini ya injini. Ukikuta matone asubuhi, ni sili au gasketi, zibadilishwe. Kadibodi ikiwa safi na moshi ni wa bluu, oili inaungua ndani. Hapo 20W-50 ya dizeli itakusogeza huku ukichanga pesa za ringi za pistoni. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, usiwashe gari kabisa, maji yameingia.

Oili kuwa nyeusi mapema kusikutishe, dizeli ndivyo zilivyo. Mwaga kila kilomita 5,000 pamoja na filta, na pima stiki kila wiki gari likiwa mahali tambarare. Nunua dumu lisilofunguliwa. Oili ya kupimiwa kwenye chupa usiiguse.