Kansa ya mapafu: uvimbe wa sentimita 2 umesambaa, wa sentimita 6 umepasuliwa: inakuwaje?

Mkuu, pole sana na mzee. Umesema kipimo cha CT kimeonyesha uvimbe wa sentimita 2 tu pafuni na daktari anasema umeshafika kwenye ini, wakati jirani yenu hapo Urambo alikuwa na wa sentimita 6, akapasuliwa na yuko shambani mpaka leo. Unahisi mmepigwa. Hamjapigwa. Haya mawili yote nimeyaona kwenye ukoo wetu hapa Tabora.

Baba mkwe alivuta tangu ujana, na maisha yake yote ni mabani ya tumbaku (vibanda vya kukaushia). Uvimbe wake haukufika hata sentimita 3. Kilichotushtua hakikuwa kikohozi: alianza kuvaa shati ndani nje na kuulizia ng'ombe walioshauzwa zamani. Kumbe ubongoni kumeshaingiliwa. Sampuli ikajibu saratani ya seli ndogo. Aina hii ni kama asilimia 15 ya kansa za mapafu, inakua kwa kasi na kuingia kwenye damu mapema mno, ndiyo maana wengi hugundulika ikiwa imeshatoka kifuani. Hapo sentimita hazikwambii kitu. Madaktari wanauliza zaidi kama bado iko upande mmoja wa kifua, ambapo mionzi inaweza kuizunguka yote, au imeshavuka. Dawa za dripu huipunguza haraka mwanzoni, lakini kansa hii hupenda kurudi.

Mjomba ikawa vingine kabisa. Alikohoa damu, akapewa dawa za TB ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea (huku kwetu kikohozi kikikaa ni TB tu, nani atawaza kingine?). Uvimbe ulikuwa jirani na njia kubwa ya hewa, umefika sentimita 6 na katikati umeoza ukabaki shimo, kwa hiyo hata picha ilifanana na TB. Ilikuwa kansa ya seli bapa. Hii mara nyingi hujazana palepale kwa muda kabla ya kusafiri. Mitoki ya kifuani (tezi ndogo za kinga) ikakutwa safi, akapasuliwa Dar.

Halafu kuna adenokasinoma, aina nyingine ya kansa ya mapafu, inayowapata hata wasiowahi kushika sigara. Huanzia pembeni mwa pafu, mtu hakohoi, na ikiwa ndogo tu inaweza kuwa imeshafika kwenye mifupa au ubongo. Ajabu ni kwamba nyingine za jina hilohilo huonekana kama ukungu kwenye picha na kukaa miaka bila kusogea.

Nisieleweke kwamba ukubwa hauna kazi. Kwa hizi mbili za mwisho, zisizo za seli ndogo, sentimita 3, 5 na 7 ndiyo mipaka ya kupanga uvimbe, na kadiri unavyokua ndivyo mitoki inavyozidi kuwa hatarini. Ila maji yanayozunguka pafu yakikutwa na seli za kansa, hiyo ni hatua ya nne hata uvimbe uwe kama punje ya mahindi.

Kwa hiyo kesho muulizeni daktari: ni aina gani, mitoki ikoje, ubongo umepigwa picha? Kama sampuli haijachukuliwa, aina bado ni ya kubahatisha. Na mkipewa rufaa ya Bugando au Ocean Road, ombeni nakala ya majibu ya sampuli pamoja na kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta maabara. Kikitakiwa kipimo kingine, huenda wakatumia hichohicho na mzee asichomwe sindano ya kifua mara ya pili.